Vipimo vinasema mzima, mwili unakataa

 Nipo hapa hapa Pugu, navuta hewa ya msitu na kugombania daladala kama kawaida yangu. Mwezi uliopita niliahidi kwamba safari hii tutazungumza kuhusu mawifi. Naomba uniwie radhi, mawifi watasubiri kidogo. Kuna kaka mmoja alinifuata, na alichoniambia kilininyima usingizi.

Kaka huyu anaishi huku huku kwetu, upande wa Kajiungeni. Tulikutana msibani, akaniomba tusogee pembeni, tukakaa kwenye benchi chini ya mwembe. Akaanza, "Dada, nisaidie. Nataka kumrudisha mama watoto kwao, lakini nafsi inanisuta."

Nikamuuliza, kulikoni? Amekukosea nini?

Akashusha pumzi. "Hajanikosea kitu. Amekuwa mvivu tu."

Nikamwambia, hebu nianzie mwanzo.

Mke wake, kabla ya mwaka 2021, alikuwa mwanamke wa shoka. Saa kumi alfajiri yuko kituoni, anakwenda Karume kuchagua mitumba. Saa nne keshafika Gongo la Mboto anauza. Jioni anarudi, anapika, anafua, anakagua madaftari ya watoto, na Jumapili utamkuta kwaya, tena mstari wa mbele. Yaani mtu akiwa na shughuli, jina la kwanza kutajwa kwenye kamati ni lake.

Julai 2021 akaugua. Homa, kikohozi, mwili kuuma, na pua ikawa hainusi hata kitunguu kinachoungua. Unakumbuka mwaka ule, wengi hatukupenda kulitaja jina la ugonjwa, tulisema tu "changamoto ya upumuaji". Hakupimwa. Wakajifukiza nyungu, wakanywa tangawizi na malimao, baada ya wiki tatu homa ikaondoka, wakamshukuru Mungu.

Lakini nguvu hazikurudi.

Akitoka kituoni kupanda kile kilima cha kwenda nyumbani, anakaa chini mara mbili njiani. Akifua leo, kesho na keshokutwa yuko kitandani. Anasahau chenji ya mteja, anatia chumvi mara mbili kwenye mboga, anaanza sentensi halafu neno linampotea. Kwaya kaacha. Na chumbani, kaka akainamisha uso, "huko ndiyo usiseme, dada." Miaka imepita, nafuu ipo kidogo, lakini yule mwanamke wa zamani hajarudi.

Hospitali wamekwenda. Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Mkojo safi, sukari sawa, picha kamili ya damu safi, picha ya kifua safi. Akaambiwa, "Mama, huna ugonjwa, punguza mawazo." Ile karatasi ya majibu ndiyo iliyowasha moto ndani ya nyumba. Bi mkubwa akasema mkwe ni mvivu. Wifi akasema ana bwana nje. Jirani akataja mganga wa kule Chanika.

"Sasa dada," kaka akaniuliza, "mimi nimwamini nani? Karatasi ya hospitali, au mke wangu?"

Mpenzi msomaji, swali hilo nililibeba mpaka nyumbani. Nikasoma, nikauliza wenye ujuzi, na leo nampa jibu lake hapa hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Mimi si daktari, na sijui kama shemeji yangu huyu ana ugonjwa ninaotaka kuutaja. Ila najua kitu kimoja: karatasi ile haikuthibitisha kwamba anaigiza.

Uchovu wenye jina

Ugonjwa wenyewe unaitwa UVIKO wa muda mrefu. Wazungu wanauita Long Covid, na jina hilo halikutoka kwa daktari. Mei 2020 mwanamama mmoja wa Italia, Elisa Perego, ambaye kazi yake ni mambo ya kale, aliugua, akaona haponi kama alivyoambiwa, akaanza kulitumia jina hilo mtandaoni. Wagonjwa wenzake duniani kote wakalidaka. Kwa hiyo hata huko kwa wenzetu, wagonjwa ndio waliosema kwanza, wataalamu wakafuata.

Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, likatoa maelezo rasmi. Kwa kifupi, ni dalili ambazo kwa kawaida mtu anakuwa nazo miezi 3 tangu alipoanza kuugua, zinadumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Zinazotajwa sana ni uchovu, pumzi kukata na akili kuwa na ukungu. Kumbuka na hili: maelezo hayo hayasemi lazima uwe na cheti cha kipimo cha UVIKO. Wanasema maambukizi yaliyothibitishwa au yanayodhaniwa. Kwa sisi ambao mwaka ule tulijifukiza bila kupimwa, hilo ni jambo kubwa.

Tuingie jikoni

Sasa kwa nini vipimo viwe safi na mtu awe hoi? Hapa naomba unifuate polepole.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna jeni, yaani maagizo uliyorithi kwa baba na mama. Zile za kutengeneza protini, ambazo ndizo zinazofanya kazi nyingi za mwili, ni karibu 20,000. Zifananishe na kitabu kikubwa cha mapishi. Hakuna jiko linalopika mapishi yote kwa siku moja. Leo unafungua ukurasa wa pilau, kesho wa maharage. Seli nazo ni hivyo hivyo. Jeni inayotakiwa inafunguliwa, inatolewa nakala ndogo ambayo wataalamu wanaiita RNA, na nakala hiyo ndiyo inayopelekwa jikoni. Wanasayansi wanaweza kuchukua damu, wakahesabu nakala hizo, wakajua kurasa gani zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Hiyo ndiyo inaitwa shughuli za jeni kwenye damu.

Virusi vikiingia, chembe nyeupe za damu zinafanya kama jiko la harusi. Masufuria makubwa yanapandishwa, kuni zinachochewa, kila mtu anakimbia. Kurasa za kupambana zinafunguliwa kwa mamia. Wageni wakishaondoka, moto unatakiwa uzimwe, masufuria yaoshwe, watu wakalale.

Kwa baadhi ya watu inaonekana moto hauzimwi vizuri. Wageni wameondoka, lakini jikoni bado kuna moshi.

Sasa ile picha kamili ya damu aliyopimwa shemeji inafanya nini? Inahesabu wapishi. Chembe nyeupe ziko ngapi, nyekundu ngapi, wingi wa damu ukoje. Ni kipimo kizuri na kinaokoa maisha. Lakini hakiulizi wapishi wanapika nini. Idadi inaweza kuwa sawa kabisa, huku jikoni hakujatulia.

Walichokiona kwenye damu

Hili si la kukisia tu. Mjini Adelaide, Australia, watafiti waliwafuatilia watu 69 waliokuwa wanapona UVIKO, kuanzia waliougua kidogo hadi waliokuwa mahututi. Wakawapima damu wiki ya 12, ya 16 na ya 24, wakawalinganisha na watu ambao hawakuugua. Kati ya wale 69, watu 21 walikuwa wamepelekwa kwenye kliniki ya UVIKO wa muda mrefu.

Matokeo yalitoka mwaka 2022. Shughuli za jeni kwenye damu ya waliougua zilikuwa bado tofauti na za watu wazima wa afya hadi angalau miezi 6. Tena wiki ile ya 24, damu ya waliopelekwa kliniki ilitofautiana na ya wenzao waliougua lakini hawakuhitaji kliniki. Umeona hapo? Wote walipata virusi, wote homa iliisha, lakini ndani ya damu walikuwa wameachana njia.

Huko New York nako, watafiti wa Mount Sinai walichukua damu ya watu 165 waliolazwa na UVIKO, wakasoma shughuli za jeni wakiwa bado wagonjwa wodini, halafu wakawafuatilia baadaye kuona nani kabaki na dalili. Wakakuta alama za dalili za baadaye zilikuwa zimeshaonekana kwenye damu tangu siku za wodini. La kushangaza zaidi, alama hazikuwa za aina moja. Kuna kundi la dalili lililokwenda na jeni za kutengeneza kinga kufanya kazi zaidi, na kundi jingine lililokwenda na jeni hizo hizo kufanya kazi kidogo. Maana yake UVIKO wa muda mrefu huenda si ugonjwa mmoja, ni njia kadhaa zinazoishia kwenye uchovu unaofanana. Ndiyo maana jirani yako alipona kwa miezi miwili, na wewe bado unahema.

Lakini tusipigane chenga. Tafiti hizi zinalinganisha kundi na kundi. Hazijatupa kipimo cha mtu mmoja mmoja, kwamba uende maabara leo, utoe damu, uambiwe ndiyo au hapana. Kipimo cha namna hiyo hakijaingia kwenye matumizi ya kawaida ya hospitali, huku kwetu wala Ulaya. Mtu akikuuzia "kipimo cha jeni za UVIKO" mtaani, huyo anataka hela yako tu.

Eti jeni zimeharibika?

Najua kuna msomaji ameshashtuka. "Kumbe jeni zimebadilika! Na watoto nao?" Tulia, mpenzi. Kitabu cha mapishi hakijachanwa wala kuandikwa upya. Kinachozungumzwa hapa ni kurasa zipi zimefunguliwa kwa sasa, na ukurasa uliofunguliwa unaweza kufungwa. Hata ukila, ukilala, ukiwa na malaria, kurasa zinafunguliwa na kufungwa. Mama hatamrithisha mtoto uchovu wake kwa njia hiyo.

Na wale wanaosema yote ni sababu ya chanjo, wale wagonjwa wa New York walilazwa mwaka 2020, kabla chanjo haijaanza kutolewa. Hapa kwetu chanjo ya kwanza ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, wakati shemeji yangu alikuwa tayari kitandani.

Na sisi huku je?

Usidhani mambo haya ya kusoma shughuli za jeni ni ya Wazungu tu. Mbeya, kwenye kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kilikuwemo kwenye utafiti mkubwa wa kifua kikuu kwa watoto, pamoja na Msumbiji, Malawi, Afrika Kusini na India. Mtoto mdogo hawezi kukohoa na kutoa makohozi ya kupima, sasa ufanyeje? Walimchoma kidole, tone la damu likaingizwa kwenye mashine inayosoma shughuli za jeni 3 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Hakikuwanasa watoto wote wenye kifua kikuu, kwa hiyo kazi bado ipo, lakini njia imeonekana: swali la "jikoni wanapika nini" linaweza kuulizwa kwa tone la damu la kidole, hapa hapa Tanzania. Kwa UVIKO wa muda mrefu hatujafika huko. Kwa sasa kipimo kikubwa ni masikio ya daktari anayekusikiliza, na masikio ya mwenzi wako.

Kaka, sasa sikiliza

Uliniuliza umwamini nani, karatasi au mke. Waamini wote wawili. Karatasi imesema kweli: haina malaria, haina sukari, wapishi wako idadi kamili. Mkeo naye amesema kweli: amechoka. Karatasi ilijibu maswali iliyoulizwa, na hili la mkeo haikuulizwa.

La kwanza, mrudishe hospitali, na safari hii twende tena naye, yaani wewe mwenyewe ukiwepo. Si kila uchovu ni UVIKO. Tezi ya shingo, upungufu wa damu, kifua kikuu, moyo, VVU, sonona, hata ujauzito, vyote vinachosha, na vingi vina dawa. Andikeni kwenye karatasi: alianza kuugua lini, nini kinamzidishia, anachoka baada ya kufanya nini. Daktari mwenye foleni ya watu 60 hawezi kubahatisha ulichoacha nyumbani. Akipata maumivu ya kifua, kuzimia, kukohoa damu, kupungua uzito au pumzi kukata akiwa amekaa tu, msisubiri miadi.

La pili, acheni ule mtindo wa "jikaze". Umesema mwenyewe, akifua leo anaanguka siku mbili. Mtu wa hivyo hatibiwi kwa kusukumwa. WHO ilitoa mwongozo mwaka 2022 kuhusu kuwarudishia nguvu wagonjwa hawa, na kwa wanaozidiwa baada ya kazi wanasisitiza kupanga nguvu: gawanya kazi vipande vipande, pumzika kabla hujachoka, usile akiba yote siku ambayo umeamka vizuri. Afue mashati mawili leo, mawili kesho, na mengine ufue wewe. Ndiyo, wewe. Hakuna mwanamume aliyewahi kuoza mikono kwa Omo.

La tatu, dawa. Hadi sasa hakuna dawa moja iliyoidhinishwa mahsusi kwa UVIKO wa muda mrefu. Daktari anatibu dalili moja moja, usingizi, mapigo ya moyo, maumivu, na wengi wanapata nafuu kadiri muda unavyokwenda. Kwa hiyo ukisikia "dawa ya kusafisha damu" au "kurekebisha jeni" shilingi laki moja na nusu, hifadhi hela yako, mnunulie maziwa na mayai.

La nne, chumbani. Najua hapa ndipo panapokuuma, na sikulaumu, wewe ni mtu. Lakini kwa yote uliyonieleza, mwanamke anayeshindwa kupanda kilima cha nyumbani kwake, bwana wa nje atamfuata kwa nguvu zipi? Mahaba hayana saa moja tu ya usiku, wakati yeye ameshaisha. Kuna asubuhi ya Jumapili. Kuna kushikana mikono bila kudaiana. Mwambie, "Leo sitaki kitu, nataka tulale tu nikiwa nimekukumbatia." Mwili unaoogopa kudaiwa haulegei. Na ukimwita mvivu mchana, usitegemee akuite mpenzi usiku.

La tano, usimwambie "ni mawazo yako". Mawazo anayo, nani asingekuwa nayo? Biashara imekufa, kwaya kaacha, mkwe anamsema, mume anapanga kumrudisha kwao. Mawazo hayo yanahitaji kusaidiwa, tena kwa mshauri ikibidi. Lakini kilichotangulia ni mwili, mawazo yakafuata.

Ujumbe wa juzi

Nilimsomea kaka sehemu kubwa ya haya kabla sijayaleta kwako. Alisikiliza, akauliza maswali, akaondoka bila kuahidi kitu, nami nikajua ameudhika. Juzi akanitumia ujumbe. Wamekwenda hospitali nyingine, wote wawili, na karatasi yao ya maelezo. Daktari aliisoma yote. Kapima na vile vilivyokuwa havijapimwa, majibu mengine wanasubiri. Hakuwaahidi muujiza, lakini alimwambia mke, "Ninakuamini." Kaka anasema mkewe alilia pale pale kwenye kiti, na yeye hakujua aangalie wapi.

Siku hizi Jumamosi anafua yeye. Mke kaanza tena kuuza nguo chache, nyumbani, amekaa, bila safari ya alfajiri. Suala la kumrudisha kwao halizungumzwi tena.

Mwisho wa ujumbe akaandika: "Ila dada, bi mkubwa kanikuta nimeshika beseni, kaondoka bila kuaga. Na wifi yake kasema nimelishwa limbwata. Niwaambie nini?"

Haya sasa. Si nilikwambia mawifi watasubiri? Mwezi ujao ni zamu yao. Mpaka hapo, jitunze, na mtunze aliye karibu nawe.